Sabufa Ikisikika Sana, Imefungwa Vibaya

Hotuba kwa vijana wanaohitimu mafunzo ya ufundi wa elektroniki, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mliotuheshimu kwa kuja, na ninyi vijana ambao kuanzia wiki ijayo mtaitwa "fundi" hata na watu msiowajua: kwa wakubwa zangu shikamooni, na kwa wengine habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mustakabali wa fani yetu. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa nizungumzie sabufa. (Kicheko) Mnacheka, haya. Lakini mteja wenu wa kwanza hatakuja na mustakabali. Atakuja na boksi jipya kutoka Kariakoo, limefungwa kamba nyuma ya bodaboda, na atataka lipige kabla jua halijazama. Kijana wa mjini akipata geto lake la kwanza ananunua godoro, anafuata sabufa, jiko la gesi litajijua baadaye. Hii ndiyo kazi itakayowalisha mwanzoni, na wengi mtaifanya nusu. Mtachomeka waya, sauti itatoka, mtapokea hela, mtaaga. Mimi nimekuja kuisemea ile nusu iliyobaki, ya kuiweka na kuirekebisha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Sabufa ikifungwa vizuri, mgeni akiingia chumbani hajui ilipo. Anasikia wimbo umejaa, anasikia gitaa la besi limekaa mahali pake, na ukimuuliza sauti nzito inatoka wapi atakuonyesha zile spika ndogo za pembeni. Mitaani kwetu mambo ni kinyume. Sabufa inasifiwa kwa sababu imetikisa glasi kwenye kabati la jirani. Huyo jirani nitamfikia.

Tuanze na namba kidogo, na nitaomba mzishike kwa sababu zitarudi. Sikio lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, hezi ikiwa ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Kipande cha sabufa ni kile cha chini kabisa, tuseme hezi 20 hadi 120. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na ile besi kubwa ya kusimama mnayoiona kwenye vikundi vya taarab vya Zanzibar nayo mwisho wake ni hapo hapo. Sauti ya mwanaume akizungumza huanzia hezi 85 hivi na kupanda.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na kwa joto letu la Dar ongezeni mita tano, sita. Gawanyeni kwa 41. Mtapata wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu. Mteja wako amelinunulia wimbi hilo chumba cha mita 3. Karibu matatizo yote ya sabufa mtakayokutana nayo yanaanzia hapo.

Kabla sijaingia chumbani, nimalize haraka habari ya wati. Juu ya boksi pameandikwa wati 10,000 PMPO. Geuzeni mtambo, someni kibati cha nyuma: matumizi ya umeme, wati 60. Mtambo unaokula wati 60 kutoka ukutani hauwezi kukaa unatoa 10,000 kwenye spika hata ukiuombea dua. PMPO haina kipimo kinachokubalika, kila kiwanda kinajihesabia kinavyopenda. Inayosema ukweli ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo. Nayo pia isiwatie wazimu, kwa sababu ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, na ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili zinahitajika desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa upande mwingine, kulisogeza boksi kutoka katikati ya sakafu hadi kwenye kona kunakuongezea desibeli kadhaa bila senti. Mteja anayetaka kuuza sabufa yake anunue kubwa zaidi, mwambieni kwanza aisogeze.

Sasa waya. Mtambo wa mtaani, ule wa boksi moja kubwa na spika mbili au tatu ndogo, una amplifaya ndani ya boksi kubwa. Sauti inaingia kwa waya mwekundu na mweupe kutoka kwenye TV au king'amuzi, au kwa simu, na spika ndogo zinalishwa kutoka mgongoni mwa boksi. Rahisi. Kosa linalofanyika hapo ni moja tu, na linafanyika kila siku: waya wa spika moja ndogo umegeuzwa, nyekundu imeingia nyeusi. Sauti inatoka vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini koni moja, ile karatasi ya spika inayotikisika, inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi inapotea katikati, na mwimbaji anasikika kama anaelea hewani hana pa kukaa. Mteja anadhani sabufa haina nguvu, anaipandisha mpaka mwisho.

Waya zenyewe siku hizi hazina alama, au zina mstari mwembamba usioonekana bila tochi. Chukueni betri ya AA, volti 1.5. Fungueni waya wa spika kutoka kwenye amplifaya kwanza. Gusisheni chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni mwekundu na hasi kwenye mweusi, mguso wa kufumba na kufumbua. Koni ikiruka nje, umepatia. Ikirudi ndani, waya zimegeuzwa. Mnahitaji kidole kwenye karatasi ya koni kuliko mnavyohitaji macho, kwa sababu mruko wenyewe ni mdogo.

Aina ya pili ni sabufa inayojitegemea, ya mteja mwenye risiva ya sinema ya nyumbani. Hapo waya ni mmoja tu wa RCA, aina ile ile ya waya mwekundu na mweupe, kutoka tundu lililoandikwa SUB OUT kwenye risiva hadi tundu lililoandikwa LFE, la kupokea besi, kwenye sabufa. Kazi kubwa iko kwenye menyu ya risiva. Spika za mbele ziwekwe "small" hata kama mteja anajivunia ukubwa wake, na krosova, yaani mpaka wa masafa kati ya sabufa na spika nyingine, iwe hezi 80. Kile kitufe cha krosova kilicho mgongoni mwa sabufa kizungushwe mpaka juu kabisa, maana risiva imeshachuja. Mkichuja mara mbili mnakula besi ya mteja. Na mjue kwamba ile ".1" kwenye mfumo wa 5.1, wa spika tano na sabufa moja, ni njia ya besi ya sinema inayofika hezi 120, na imerekodiwa kwa hesabu kwamba itapigwa desibeli 10 juu ya njia nyingine. Ndiyo maana sinema ikilipuka nyumba inahama, na wimbo wa kawaida kwenye mtambo ule ule unakuwa mpole.

Aina ya tatu ni ya wazee. Mzee ana amplifaya yake ya zamani anayoipenda, haina SUB OUT. Sabufa nyingi zinazojitegemea zina matundu ya kupokea sauti kutoka kwenye njia ya spika. Vuteni waya nyembamba kutoka pale pale spika zilipofungwa kwenye amplifaya hadi kwenye matundu hayo. Amplifaya haielemewi, kwa sababu sabufa inaonja tu, haili. Msithubutu kuchomeka njia ya spika kwenye tundu la RCA, mtaiunguza sabufa. Na kama amplifaya ni ya mfumo wa daraja, waya wake mweusi si ethi, yaani hauendi ardhini: msiunganishe weusi wawili pamoja mkidhani mnasaidia. Someni mchoro kwanza.

Sasa tuingie chumbani, na hapa nitakaa.

Nyumba zetu nyingi za kupanga zina vyumba vya futi 10 kwa 10. Kuta ni za tofali za saruji. Ukuta wa saruji hauinyonyi besi, unairudisha kama ilivyokuja. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, kuna masafa ambayo wimbi likienda na kurudi linajikuta limejipanga juu ya mwenzake, yanaongezana na kuvimba. Hesabu yake ni nyepesi: kasi ya sauti, gawanya kwa umbali wa kuta mara mbili. Futi 10 ni mita 3.05. Chukueni 348, gawanyeni kwa 6.1, mnapata hezi 57.

Upande wa pili wa chumba nao ni futi 10, kwa hiyo 57 inakuja tena. Na kama fundi ujenzi ameweka dari kwenye futi 10, inakuja mara ya tatu. Baba mwenye nyumba hakujenga chumba, amejenga boksi la spika, na mpangaji analala ndani yake. (Kicheko)

Mnajua dalili zake hata kama hamkujua sababu. Uzi wa A wa gitaa la besi ni hezi 55. Mpigaji wa rumba akitembea taratibu kwenye nyuzi zake, noti nyingine zinapita za kawaida, akifika jirani na hapo chumba kizima kinanguruma noti hiyo moja, halafu anaondoka na kunyamaza kunarudi. Mteja anasema, "Fundi, sabufa inakoroma." Sabufa haina kosa. Simameni katikati ya chumba, kwenye masafa hayo mtakuta besi imetoweka kabisa. Kaeni kitandani, kichwa kikigusa ukuta, inawakaba koo. Watu wawili kwenye chumba kimoja, wimbo mmoja, mmoja anasema ipunguze na mwingine anasema iongeze, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo swali la kwanza mkifika kwa mteja liwe hili: unasikilizia wapi? Kwenye kiti? Kitandani? Jibu lake ndilo linaloamua boksi likae wapi, na utaratibu wake unachekesha kidogo. Chukueni sabufa, iwekeni pale pale mteja anapokaa. Kitandani, ndiyo, juu ya kitanda, tandikeni kanga chini yake asigombwe na mama. Wekeni wimbo wenye besi inayotembea, inayopanda na kushuka noti kwa noti. Halafu inameni, sikio likiwa kimo ambacho koni itakuwa ikishuka sakafuni, mzunguke polepole kando ya kuta. Pembeni mwa mlango mtasikia mvumo. Hatua mbili mbele besi imekonda. Hatua nyingine, kila noti inasikika sawa na mwenzake, hakuna inayoruka. Wekeni alama ya chaki. Sabufa itakaa hapo.

Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka pale hadi hapa ni ile ile kutoka hapa hadi pale. Mteja atawacheka mkitambaa. Mwacheni acheke, akae kitandani asikie.

Kona ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaikimbilia, kwa kuwa kona inaongeza nguvu. Ni kweli, sakafu na kuta mbili zinaisukuma besi yote upande wako. Lakini kona pia inaamsha ile 57 ya chumba kuliko mahali pengine popote. Kwenye ukumbi mkubwa wa familia wekeni konani bila wasiwasi. Kwenye futi 10 kwa 10, mimi naanza robo ya ukuta, mbali na kona, halafu naacha sikio liamue.

Mengine ni ya haraka. Boksi lisiingizwe ndani ya kabati la TV. Tundu la hewa lisitazame pazia wala kubanwa na ukuta, liachieni shubiri moja. Kwenye ghorofa, au kwenye sakafu inayotetemesha vyombo, kateni kandambili chakavu vipande vinne mviweke chini ya miguu ya boksi; sijaona mpira wa dukani unaoshinda hilo kwa bei. Panya wanapenda lile tundu, kuna joto na kuna giza, na waya za koili ni laini. Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6 unatosha. Msizibe kwa kitambaa. Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja na hapa pwani yote: mkipewa kuchagua kati ya koni yenye ukingo wa sponji na yenye ukingo wa mpira, chukueni mpira. Sponji unyevu unaila, siku moja utaigusa kwa kidole imekuwa unga.

Vitufe sasa. Kabla ya kugusa hata kimoja, zimeni kila kinachojifanya msaidizi: "mega bass", "loudness", ile "rock" na "pop" kwenye TV na kwenye simu pia. Kama sauti inatoka kwenye simu, simu iwe karibu na mwisho, kupandisha na kushusha kufanyike kwenye mtambo. Simu ikiwa chini na sabufa ikiwa juu, mnapandisha mvumo wa waya pamoja na muziki.

Kuna vitufe vitatu, na watu wengi wanakijua kimoja.

Krosova ndiyo inayosema sabufa iishie wapi na spika ndogo zianzie wapi. Kiwango kilichozoeleka duniani ni hezi 80, na kilienezwa sana na masharti ya THX, kampuni ya Marekani inayoidhinisha ubora wa sauti za sinema. Sababu yake ni kwamba chini ya hapo sikio linashindwa kutambua sauti inatoka upande gani. Mkiweza kubaki 80, sabufa inajificha. Lakini tuseme kweli. Zile spika ndogo za koni ya inchi 3 haziwezi kushuka hadi 80. Mkilazimisha, patabaki pengo katikati ya sabufa na spika, na sauti ya mwanaume itakuwa nyembamba kama ya kwenye simu. Hapo pandisheni, 100, 120, ikibidi zaidi kidogo.

Mtajuaje mmefika? Tafuteni taarifa ya habari inayosomwa na mwanaume. Nimewaambia sauti yake huanzia 85. Zimeni spika za pembeni kama mtambo unaruhusu, au inameni sikio lenu mbele ya sabufa. Mkimsikia anavuma tu bila kuelewa neno, mko salama. Mkianza kuelewa anachosoma, bei ya korosho, hali ya hewa, krosova iko juu mno. Mtangazaji amehamia sakafuni, na mgeni atajua sabufa ilipo kabla hajakaa. Jaribio hili halihitaji kifaa, na naliamini kuliko mitambo ya bei ndogo inayouzwa kwa kazi hiyo.

Fezi ni ile swichi ndogo ya nyuma iliyoandikwa 0 na 180, wengi hawajawahi kuigusa. Si ile fezi ya nguzoni. Pale krosova inapokutanisha sabufa na spika ndogo, wote wawili wanapiga masafa yale yale kwa wakati mmoja. Wakisukuma pamoja, na nguvu zao zikiwa sawa, mnapata ongezeko la hadi desibeli 6. Wakipishana, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Kaa pale mteja anapokaa, mwombe mwenzako abonyeze swichi huku wimbo unaendelea. Upande utakaosikika na besi nene zaidi ndio sahihi. Msiuchague kwa kusimama karibu na boksi, maana umbali ndio unaobadilisha jibu. Mkilihamisha boksi, rudieni.

Cha mwisho ni sauti ya sabufa yenyewe, na ndicho chenye kesi nyingi. Shusheni mpaka sifuri. Acheni spika ndogo zipige peke yake mpaka sikio lizoee. Pandisheni sabufa kidogo kidogo. Patafika mahali mtasema, ahaa, imeingia. Rudisheni nyuma kidogo. Iacheni hapo.

Wimbo wa kurekebishia una maana. Vijana wanapenda kurekebisha kwa singeli au kwa wimbo mpya wenye besi ya kompyuta. Besi ile imetengenezwa ivimbe, haiwezi kukwambia kama umezidisha. Tumieni kitu kilichopigwa na mkono wa mtu: taarab yenye besi ya kusimama, rumba ya Kikongo ya zamani. Mkimsikia mpigaji anatoka noti moja kwenda nyingine na kila noti ina mwanzo na mwisho, mmefika. Singeli ikija baadaye itajitetea yenyewe.

Tena rekebisheni kwa sauti ile mteja anayosikilizia siku zote. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wawili wa Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linakuwa kiziwi kwa besi kuliko kwa sauti za kati. Ukirekebisha usiku kwa sauti ya kunong'ona, utaongeza besi ili usikie, na Jumamosi mteja akipandisha kwa ajili ya ubarikio, besi itawafukuza wageni. Na zile programu za simu za kupima kelele msizitegemee kwa kazi hii. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno, na nyingi zinakata besi kabla ya kuipima.

Nije kwenye mvumo, ule wa "mmmmm" usioisha hata wimbo ukisimama. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo huo ni 50 na ndugu yake 100, katikati kabisa ya eneo la sabufa. Spika ndogo haziusikii, sabufa inaushangilia. Njia ya kuupata ni kuchomoa. Chomoa waya zote za sauti zinazoingia kwenye sabufa, uache umeme tu. Mvumo ukibaki, ugonjwa uko ndani: kapasita ya kuchujia imechoka, au ethi ya ndani imeachia. Hilo mmefundishwa, na mmefundishwa kuitoa kapasita chaji yake kabla ya kuingiza mkono. Mvumo ukinyamaza, ugonjwa uko nje. Rudisha waya mmoja mmoja. Mara nyingi mkosaji ni king'amuzi, au kwa usahihi zaidi ule waya wa dishi unaoshuka kutoka juu ya bati. Fungua ile skrubu ya dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika hapo hapo, mmeona. Ethi mbili zimekutana, moja ya dishi na moja ya soketi, na umeme kidogo unazunguka kati yake kupitia waya wa sauti.

Dawa ya kwanza ni kuchomeka kila kitu, TV, king'amuzi na sabufa, kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, kuna transfoma ndogo ya kutenganisha sauti inayokaa kwenye waya wa RCA, si ya gharama.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mtaingia nyumba za watu mtakuta plagi ya pini mbili imeingizwa kwenye soketi ya pini tatu kwa msaada wa kijiti cha ufagio kilichochomekwa tundu la ethi. Au mtakuta fundi aliyepita amekata pini ya ethi kwa msumeno, na kweli mvumo umekwisha. Umekwisha kwa sababu ametoa ulinzi. Siku waya wa moto utakapogusa chasisi ya chuma, mtoto akishika ule mgongo wa sabufa hakuna kitakachokata umeme mapema. Kama mtambo wenyewe umekuja kiwandani na pini mbili, umetengenezwa hivyo, badilisheni plagi iwe ya kufaa mtupe kijiti. Kama umekuja na tatu, zibaki tatu. Kazi ya kukata ethi mkiletewa, ikataeni.

Nilisema nitamfikia jirani. Nyumba za vyumba sita zilizofunikwa na bati moja, nyingi hazina dari juu ya ukuta wa katikati. Sauti inapanda, inavuka, inashuka upande wa pili. Hata pakiwa na dari, besi inapita. Na malalamiko yakifika kwa mtu mwenye kipimo cha kelele, angalieni kipimo kimewekwa A au C. Kipimo cha A kinapunguza sauti ya hezi 50 kwa desibeli 30. Namba itakuwa ndogo, ya kupendeza, na mama wa chumba cha pili mwenye mtoto mchanga atakuwa hajalala. C inapunguza kama 1 tu kwa masafa hayo, hiyo ndiyo inayosikia anachosikia mama. Mwonyesheni mteja kitufe cha sabufa kilipo, na mwambieni usiku ashushe hicho peke yake. Wimbo atausikia, maneno yote atayasikia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mkono umenyanyuliwa kule nyuma. Haya, kijana, sema.

(Kijana aliuliza kuhusu TV mpya isiyo na matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti.)

Swali zuri, na mtakutana nalo sana. TV nyingi za sasa zimebakiza tundu la mwanga, lile lenye kifuniko kidogo cha mraba linalotoa taa nyekundu, na HDMI ya ARC, ile inayoweza kutoa sauti nje ya TV. Sabufa ya mtaani haina chochote kati ya hivyo. Nunueni kibadilishi kidogo cha kugeuza sauti ya mwanga kuwa RCA. Kinakula volti 5, mnaweza kukilisha kwenye USB ya TV yenyewe. Mkishafunga mtakuta kimya, au mkwaruzo mbaya, na mteja ataanza kusema mmemwuzia kibovu. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti ya TV, pale pa sauti ya kidijitali. Itakuwa imewekwa "auto" au Dolby, na kibadilishi cha bei ndogo hakielewi Dolby. Badilisheni iwe PCM, yaani sauti ya kidijitali ya kawaida isiyobanwa. Sauti itatoka hapo hapo. Kumbukeni pia kwamba kwenye TV nyingi rimoti haitapandisha tena sauti kwa njia hiyo, itabidi mteja atumie rimoti ya sabufa, kwa hiyo mwambieni kabla hamjaondoka, asije akawapigia simu saa nne usiku.

Wenye maswali mengine nitakuwa nje pale chini ya mwembe. Naona sufuria za pilau zimeshaanza kushushwa, sitaki kulaumiwa. Asanteni sana. (Makofi)